Ndimu za Khalati

Nyumbani kwetu Kibokoni jua ndilo linalopanga saa za watu, na sababu yake ni mtoto mmoja wa miaka tisa. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, ile rangi ambayo sisi wengine tumepewa bila kuiomba na ambayo huzuia miale mikali isifike ndani ya seli. Tangu akiwa mchanga, nyumba nzima imejifunza mambo ambayo nyumba nyingine hazina haja ya kuyajua: dirisha lipi la roshani lifungwe asubuhi na lipi jioni, kitambaa gani cha mikono mirefu hakimtii joto, kofia gani ina ukingo mpana wa kufunika masikio na shingo. Kutoka ni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Losheni ya kukinga jua hukaa mlangoni pamoja na funguo.

Mji wa Kale wa Mombasa unamfaa mtoto kama huyu. Vichochoro ni vyembamba, nyumba ni ndefu na zimekaribiana, na kutoka kwetu mpaka madrasa anaweza kupita kivulini karibu njia nzima. Tatizo ni dari. Kule juu, tunakoanika nguo na achari, jua la mji ulio nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta humwagika bila kizuizi. Kipimo cha kimataifa cha miale ya urujuanimno huihesabu hali kuwa ya hatari mno kuanzia 11, na adhuhuri ya Mombasa isiyo na mawingu hufika hapo na kupita.

Mambo yote yalianza siku Khalati aliporudi kutoka kwenye kisomo cha wanawake. Khalati ni mdogo wake mama, na jiko la nyumba yetu ni lake. Hata Nana, aliyemzaa, huomba ruhusa kabla ya kufunua sufuria. Alikuwa amesikia kwamba kuna vyakula vinavyozuia saratani ya ngozi: manjano, nyanya, karoti, tangawizi.

"Nimesikia kwa masikio yangu," alisema kabla hajavua buibui. "Dawa imo jikoni na sisi twaipita kila siku. Huyu mtoto hatapatwa na kitu, inshallah."

"Inshallah, Khalati," dada yangu alijibu. "Lakini kofia haivuliwi."

"Nani kasema ivuliwe?"

Habari aliyokuja nayo haikuwa uzushi mtupu, na ndiyo maana kisa hiki kilikuwa kirefu. Ungekuwa uongo, tungeumaliza usiku ule ule. Miale ya jua ikipenya ngozi huharibu uzi wa DNA ndani ya seli: vipande viwili vya jirani hushikamana mahali pasipotakiwa. Seli hurekebisha makosa mengi kama hayo kila siku. Yakirundikana miaka na miaka, mengine husalia, na seli moja huanza kuzaana pasipo kipimo. Vyakula vinachoahidi ni msaada katika kazi hiyo ya ndani: kutuliza uvimbe unaoletwa na kuungua, kunyamazisha kemikali haribifu zinazozalishwa na mwanga, kuipa seli nguvu ya kujitengeneza. Wanasayansi wameishughulikia ahadi hiyo kwa miongo kadhaa. Khalati aliishughulikia kuanzia asubuhi iliyofuata, Marikiti.

Alirudi na kikapu cha manjano mabichi. Tukala wali wa manjano, tukanywa maziwa ya manjano, tukapewa mahamri ya manjano pamoja na mbaazi za nazi. Mahamri hayo Nana aliyarudisha sahanini bila kusema neno, na kwa Nana huo ni msiba. Siku ya Ijumaa Mjomba alitia mkono kwenye kabati, akatoa kanzu yake nyeupe, na bega lake lilikuwa na alama tano za vidole vya manjano.

"Mwataka n'ende msikitini hivi?"

"Ipa maji na sabuni uianike juani," Nana alimwambia. "Ijumaa ijayo utaikuta safi."

Alisema kweli. Kanzu ilipanda darini na doa, ikashuka bila doa. Wanawake wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani, nami naona lina somo kubwa kuliko kanzu. Rangi ya manjano inatokana na kurkumini, kemikali ambayo ndiyo inayotafitiwa kwa ajili ya saratani, na kurkumini huvunjika ikipigwa na mwanga. Kitu ambacho jua linakifuta kwenye nguo hakiwezi kuwa ngao ya mtoto anayekwenda juani.

Hata hivyo Khalati alikuwa na hoja. Mwaka 1988 watafiti wa huko New Jersey, Marekani, walichapisha matokeo yaliyofungua njia ndefu: kurkumini ilipopakwa kwenye migongo ya panya waliokuwa wakitiwa kemikali ya kuchochea uvimbe wa saratani, uvimbe ulipungua sana. Tangu hapo manjano hayajatoka maabara. Ugumu ni kwamba mtu akiyala, sehemu kubwa ya kurkumini hupita tumboni na kutoka bila kufika kwenye damu, sembuse ngozini. Watafiti wa India walionyesha mwaka 1998 kwamba miligramu 20 za piperini, ile kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake, zikiliwa pamoja na gramu 2 za kurkumini, kiwango chake kwenye damu hupanda mara ishirini kwa muda mfupi. Nilipomsomea Khalati habari hiyo alifurahi, maana pilipili manga haikosekani kwenye pilau. Lakini unga wa manjano una kurkumini ya asilimia 3 hivi. Kuzifikia gramu 2, mtu mmoja atahitaji zaidi ya gramu 60 za unga kwa siku, na hakuna tumbo Kibokoni linaloweza kuubeba mzigo huo.

Nyanya zilitupa moyo zaidi. Wekundu wa nyanya ni likopini, nayo hupenda mafuta: nyanya iliyokaangwa ikaiva na kusagika hutoa likopini nyingi kuliko nyanya mbichi ya kachumbari. Huko Düsseldorf, Ujerumani, kikundi kidogo cha watu walipewa gramu 40 za nyanya za kopo zilizokolezwa kila siku, pamoja na mafuta ya zeituni, kwa wiki 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: ngozi zao zilipomulikwa kwa taa ya urujuanimno ziliwiva wekundu pungufu kwa asilimia 40 zikilinganishwa na za wenzao ambao hawakuzila. Nilipoyasoma hayo nilitazama sufuria iliyokuwa motoni: vitunguu, nyanya zilizopikwa mpaka mafuta yakajitenga, kisha tui la nazi. Mchuzi wa kila siku wa Mswahili ndio huo. Wekundu wa ngozi chini ya taa si saratani, na kinga iliyopatikana haifiki hata robo ya ile ya losheni ya kawaida, lakini ni jambo la kweli lililopimwa kwa binadamu, na nyanya hazimdhuru mtu.

Kulikuwa pia na utafiti wa panya wa Ohio, uliochapishwa mwaka 2017. Panya wasio na manyoya walilishwa kwa wiki 35 chakula chenye asilimia 10 ya unga wa nyanya, na katikati ya muda huo wakamulikwa. Uvimbe wa saratani ulipungua kwa nusu kwa madume. Kwa majike haukupungua.

"Basi mwanetu si dume?" Khalati aliuliza.

"Mwanetu si panya," dada yangu alimjibu.

Jibu hilo liliwaudhi wote wawili. Dada yangu anaishi na hofu ambayo sisi tunaizunguka tu. Kila akimwogesha mwanawe huangalia mgongo, masikio, midomo, nyuma ya shingo, akitafuta kidonda kisichopona. Kila ahadi mpya humwonjesha tumaini na kumwachia shaka. Khalati naye hakuwa akicheza. Alikuwa akimpenda mtoto kwa kitu alichonacho mikononi, na alichonacho ni chakula.

Karoti ziliingia nyumbani kwa njia ya chupa. Mtu mmoja alimpa Khalati vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na maembe, akimwambia vina nguvu ya gunia zima. Khalati alitaka kuwapa mtoto na Mjomba. Mtoto kwa ajili ya ngozi, Mjomba kwa ajili ya sigara. Hapa niliingilia kati kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mbele ya mkubwa wangu, na ningeitumia tena. Huko Nambour, mji wa Queensland nchini Australia, watu wazima 1,621 waligawanywa kwa kura kuanzia mwaka 1992: wengine wapake losheni ya jua kila siku, wengine wapake wanapojisikia, wengine wanywe beta-karotini, wengine kidonge kisicho na dawa. Walifuatiliwa mpaka 1996. Vidonge havikuzuia saratani ya ngozi. Losheni ya kila siku ilipunguza aina mojawapo, ile inayoanzia kwenye seli za juu za ngozi na ambayo ndiyo inayowaua zaidi watu wenye ualbino, kwa kiasi cha asilimia 40. Na huko Finland, katika wanaume wavutaji sigara 29,133, waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Matokeo hayo ya mwaka 1994 yaliishangaza dunia ya tiba. Karoti katika mchuzi ni chakula. Rangi yake iliyokamuliwa ikashindiliwa kwenye kidonge ni dawa, nayo inaweza kumgeukia mtu vibaya.

Mjomba aliisogeza chupa mbali naye kwa kidole kimoja. Sigara hakuiacha siku hiyo, ila alikwenda kuvutia nje.

Kisha zikaja ndimu. Jumamosi moja Khalati aliletewa kikapu kizima kutoka Kongowea, za kijani na ngumu, za kufaa achari. Alikuwa ameamua kutengeneza achari ya manjano na tangawizi itakayomtosha mtoto mpaka Ramadhani. Tangu alfajiri alikuwa jikoni akipasua ndimu mara nne bila kuziachanisha, akizishindilia chumvi, akisaga manjano. Ilipofika saa tatu, mikono yake ilikuwa ya manjano mpaka kwenye viwiko. Kama afanyavyo kila mpishi wa pwani, alichukua maganda ya ndimu zilizokwisha kukamuliwa akaisugua mikono nayo ili rangi itoke. Kisha, kwenye kibakuli kidogo, alichanganya liwa, manjano na maji ya ndimu, akamwita mtoto.

"Njoo baba, nikusinge mikono na uso. Halafu utanisaidia kuanika."

Dada yangu alikuwa ngazini. Sijapata kumwona akishuka kwa kasi ile. Alimshika mtoto begani.

"Khalati, niwie radhi. Ngozi ya huyu haipakwi kitu ambacho daktari hajakiona. Na darini saa hizi haendi."

"Liwa? Liwa ambayo nyote nimewasinga nayo?"

"Hata liwa."

Pakawa kimya. Nana alianza kusema jambo, akaacha. Khalati aliweka kibakuli chini, akachukua ungo wa ndimu, akapanda darini peke yake, mikono ya gauni ameikunja juu ya viwiko. Alikaa huko akizipanga ndimu moja moja kwenye majamvi, akizigeuza, akiwafukuza kunguru, kuanzia saa nne mpaka adhana ya adhuhuri iliposikika kutoka Msikiti wa Mandhry. Nadhani alikawia kwa uchungu zaidi kuliko kwa kazi. Aliposhuka hakula.

Usiku mikono ilianza kumwasha. Siku ya pili iliwiva. Siku ya tatu iliota malengelenge makubwa, yaliyojaa maji, kwenye migongo ya viganja na kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Baadhi yalikaa kwa michirizi, kama njia za maji yaliyotiririka. Nyumba ilijaa majirani na kila mmoja na elimu yake. Mjomba alisema ni yule mdudu mwekundu na mweusi ambaye Wakenya wanamwita nzi wa Nairobi, ambaye akipondwa juu ya ngozi huiunguza. Jirani alisema mafuta ya moto yamemrukia naye hakuhisi. Nana alisema ni jicho, kwa sababu Khalati amezungumzwa mno kwa upishi wake wa mwezi ule. Khalati mwenyewe hakusema kitu. Aliitazama mikono yake, na najua alichokuwa akikiwaza, maana nyumbani kwetu neno saratani lilikuwa halikauki midomoni kwa wiki kadhaa.

Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, na mtoto akaja nasi kwa kuwa ukaguzi wake ulikuwa umekaribia. Daktari aliifuata michirizi kwa macho, kutoka kifundo mpaka kiwiko, akauliza swali moja tu.

"Mama, ulishika ndimu ukatoka juani?"

"Nilijisugua nazo," Khalati alisema. "Kutoa manjano."

Ndimu, na hasa ganda lake, ina kemikali za jamii ya furanokumarini. Kwenye mwili wa mti kazi yake ni ulinzi dhidi ya wadudu na kuvu. Kwenye ngozi ya mtu hukaa kimya mpaka ziguswe na miale ya jua. Hapo huamka, hujifunga kwenye DNA ya seli na kuziua. Si mzio. Haichagui mtu, haitaki uwe umewahi kuugua, haihitaji zaidi ya maji ya ndimu, ngozi na jua. Majani ya mtini yanazo pia, na figili za majani zinazotiwa kwenye supu. Malengelenge huja kimya kimya baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana hakuna anayeyaunganisha na achari ya juzi. Daktari alimpa dawa ya kupaka, akamkataza kuyapasua, akamwonya kwamba weusi utabaki kwa miezi.

Alituambia pia kwamba nguvu hiyo ina historia ya tiba. Misri kuna mmea unaomea bondeni mwa Nile ambao watu wa kale waliutumia pamoja na jua kurudisha rangi kwenye mabaka meupe ya barasi. Katika miaka ya 1940 daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliichukua kemikali iliyotolewa kwenye mmea huo, ya jamii ile ile ya ndimu, akaifanya dawa ya hospitali. Imewasaidia watu wengi. Baadaye ilionekana kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa vidonge vya dawa hiyo pamoja na taa ya urujuanimno kwa miaka mingi walipata saratani ya ngozi zaidi. Nayo ni kemikali ya asili, iliyomo ndani ya tunda ambalo hakuna meza ya Mombasa inayokaa bila yake.

Kisha dada yangu aliuliza kuhusu kibakuli. Alieleza kwa utaratibu: liwa, manjano, maji ya ndimu, mikono na uso wa mtoto, halafu dari. Daktari alimtazama mtoto aliyekuwa ameketi na kofia yake magotini. Alisema kwamba mtoto mwenye ngozi hiyo angeungua kwa jua lile hata bila ndimu, na kwa ndimu angelazwa.

Khalati alilia hapo. Si kwa mikono. Dada yangu alimshika bega, akasema, "Khalati, wewe ndiwe unayempikia kila siku. Mpikie tu."

Daktari hakukidharau chakula, nami nilimshukuru kwa hilo. Alitueleza kuhusu nikotinamidi, aina moja ya vitamini B3, ambayo husaidia seli zisiishiwe nguvu za kurekebisha DNA baada ya kupigwa na jua. Vitamini hiyo imo kwenye jodari, kuku na njugu. Huko Australia watu 386 waliokwisha kupata saratani za ngozi mara mbili au zaidi waligawanywa kwa kura: nusu walipewa miligramu 500 mara mbili kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa mwaka mmoja. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha saratani mpya zimepungua kwa asilimia 23. Walipoacha, faida ilikwisha. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 16 tu kwa siku katika mlo wake, kwa hivyo hata mla jodari wa kila siku hafiki kwenye dozi ile. Kwa kiwango hicho ni dawa, ya kutumiwa kwa ushauri wa daktari. Na waliopimwa walikuwa wazungu wenye umri mkubwa. Watoto wenye ualbino wa Afrika Mashariki hawakuwamo.

Hapo ndipo roho yangu inapouma. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 9,729 wenye ualbino. Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400, kiwango kikubwa mno ukilinganisha na Ulaya. Tangu mwaka 1985 daktari Jeffrey Luande na wenzake walichapisha walichokiona Dar es Salaam: kwamba jua huanza kuiharibu ngozi ya mtu mwenye ualbino tangu uchanga, na saratani kali humkuta akiwa angali kijana. Kwa hiyo ushahidi kuhusu wanaohitaji msaada tunao siku nyingi. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, ulianzishwa mradi wa kutengeneza losheni ya KiliSun kwa ajili yao mahsusi, na Kenya serikali ina mpango wake wa kuwapa losheni bure. Hizo ndizo kazi zinazookoa ngozi za watoto, pamoja na kofia, nguo ndefu, kivuli na jicho la mama linalokagua. Mtu akimwambia mzazi wa mtoto kama wetu kwamba manjano yatamtosha, anamnyang'anya saa za kinga ambazo hazirudi.

Tulipokuwa tunaondoka daktari alituuliza sisi wengine, weusi wa kutosha, kama tunaangalia nyayo zetu. Hakuna aliyeangalia. Alisema saratani ya melanoma inapowapata watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina neno. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Kwa aina hiyo hakuna kofia wala nyanya. Ni kuangalia, na kuwahi.

Nilipomweleza Nana, alikunja miguu chini ya gauni. Nyayo za Nana zimepakwa hina kila sikukuu na kila arusi tangu alipokuwa mwari, na chini ya wekundu ule hakuna anayejua kuna nini. Alikataa kwa wiki nzima. Kisha akatangaza mwenyewe kwamba hapaki tena mpaka ipauke, na ilipopauka, kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya choroko. Dada yangu alimpeleka. Daktari aliliangalia kwa lenzi, akakata kipande kidogo, akakipeleka maabara. Majibu yalipokuja yalikuwa mazuri: doa la kawaida, la kuangaliwa tu.

Jikoni nyanya zinaendelea kuiva kwenye mafuta mpaka yajitenge, na manjano yamerudi kwenye kiwango cha zamani, hata mahamri ni meupe. Khalati huanika achari baada ya kunawa kwa sabuni mara mbili, mikono mirefu, kabla ya jua kupanda. Weusi mikononi mwake bado haujatoka. Mjomba amezungumza na mwalimu wa mpira wa Makadara, na mazoezi ya watoto wadogo sasa huanza saa kumi na nusu, kwa wote, si kwa wetu peke yake.

Mwezi uliopita kulikuwa na arusi katika ukoo, na mchora hina alikuja kwetu kumpamba bi arusi na wazee. Nana alinyoosha miguu. Mchora hina alianza juu, akatia maua mpaka kwenye kifundo, kisha akauinua mguu afike chini.

"Nyayo acha," Nana alimwambia.

"Nana, pambo litakuwa nusu."

"Liwe nusu. Chini daktari yuwataka kupaona." Akamgeukia bi arusi aliyekuwa akisubiri zamu yake mkekani. "Na wewe, leta miguu hapa nitazame kwanza, kabla hajakupaka."